Chungu wa Madoa na Ushahidi Niliokunyima

Kaka Mbaraka, uliye Ndau,

Salamu sikuandikii. Nikianza na salamu itanibidi niseme hali ni njema, na nitakuwa nimeanza kwa uongo, nami nimechoka kukudanganya. Barua hii nitaisoma kwa sauti kwenye daka letu hapa mtaa wa Langoni, Lamu, pale mlangoni watu wanapokaa wakipita, kabla sijampa mtu akuletee. Nataka kila anayetuita ndugu aisikie, na kila anayekataa aisikie zaidi. Ukiona makosa ya kuandika usicheke. Cheka makosa mengine, yako mengi humu.

Wakumbuka lile gogo la mnazi tulilolipindua kwenye shamba la Wiyoni? Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, weye kumi na saba. Chungu, wale sisimizi wa magogoni, wakamwagika kama watu waliosikia moto. Wengine wadogo, wembamba, miguu mirefu. Wengine vichwa kama ngumi na taya kama koleo. Na wote tumboni wana madoa ya manjano, ndiyo maana tukawaita chungu wa madoa. Mmoja wa vichwa vikubwa akakuuma kidole ukapiga ukelele wa kike, mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Baba alikuwa kando na Mzee Athmani, jirani yetu, wanakunywa madafu. Mzee Athmani akauliza, "Hawa wana wako wana wazimu gani na vidudu?" Baba akajibu, na maji ya dafu yanamruka mdomoni: "Wanangu wawili hawa, Athmani! Mungu kanipa wapumbavu wawili, sawa kwa sawa. Simtupi hata mmoja."

Wanangu wawili. Nilisikia. Nilikuwa nimekaa chini nacheka, lakini nilisikia, na leo nakwambia nilisikia.

Weye hukuhitaji kuyashika maneno hayo, uliyaona ya kawaida tu. Mama yako alikuwa suria wa baba, mama yangu mke wa ndoa. Sheria yasema mtoto wa suria, baba yake akimkubali, basi ni mwana kama wana wengine. Watu wa Langoni nao hawaipingi sheria, wallahi hawaipingi. Wao huuliza tu: nani alimsikia akimkubali? Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba hapana mtumwa tena nti hii, lakini midomo ya watu ilikuwa haijapata habari.

Kisha akaja yule Mzungu wa vidudu. Alikaa miezi pale ufukoni na chupa zake za mvinyo, kila chupa ina nyigu au mende ndani, na watoto wakasema ndiyo chakula chake. Sisi tulikwenda kuchungulia tukaishia kumletea chungu. Alitaka kujua chungu wa madoa wako wa namna ngapi visiwani kwetu. Akatuazima kioo cha kukuzia, kile cha duara chenye mkono wa shaba. Ebo! Siku ya kwanza nilipomtazama chungu kwenye kioo kile sikula mchana. Nywele! Chungu ana nywele! Usoni ana mato kama kitambaa cha ukaya, matundu matundu! Nilikukimbilia jikoni ulikokuwa ukipasua kuni, nikakusukumia kioo usoni, nikasema, "Mbaraka, sisi tumelala miaka yote!"

Wanijua mimi. Jambo likinishika silisubiri likomae. Herufi za kizungu nilijifunza mwenyewe kwenye makasha ya biskuti, na elimu ya chungu nikadhani nitaimaliza kwa wiki tatu. Nikachukua karatasi za kufungia za dukani kwa baba, nikachemsha gundi, nikawabandika mmoja mmoja. Mwenye kichwa kikubwa chekundu, namna ya kwanza. Mwenye kichwa kikubwa cheusi, namna ya pili. Mwembamba wa manjano, namna ya tatu. Nikafika kumi na moja. Kisha nikafanya lile ambalo, nadhani, hapana mtu duniani angelifanya isipokuwa mtu wa Lamu. Niliwaandikia shajara, karatasi ya nasaba. Ile ya ukoo wetu aliyokuwa akiiweka ami Hamadi, ndugu ya baba, kwenye sanduku ndani ya kitambaa, nikaiiga mstari kwa mstari. Vichwa vikubwa juu, nikawaita waungwana, fulani bin fulani bin fulani. Wadogo chini, nje ya mstari, nikaandika: watwana wao.

Nikakuonyesha. Nilitaka uniambie mashallah. Ukatazama, ukatazama, ukakuna kidevu.

"Sefu, mama yao ni nani?"

"Mama wa nani?"

"Wa chungu. Umeandika ukoo mzima, hamna mama hata mmoja."

"Ukoo huandikwa kwa baba, mjinga weye!"

"Kwa watu, sawa. Chungu umewauliza?"

Nilikasirika siku mbili. Weye hukukasirika hata saa moja. Mvua ilipopiga, chungu wenye mbawa wakatoka, ukamwokota mmoja ngazini aliyekwisha kujikata mbawa zake, ukamtia kwenye chupa ya kioo yenye udongo mbichi, ukafunga kitambaa, ukaiweka rafuni penye giza. Basi. Hiyo ndiyo elimu yako yote: chupa, udongo, na kungoja. Mimi nilikuja kukudhihaki kila asubuhi. Yule mama alijichimbia kijishimo, hakula kitu, hakunywa, akawalisha watoto kwa mwili wake mwenyewe. Watoto wakatoka sita, wadogo, wembamba, dhaifu.

"Watwana watupu!" nikakwambia. "Waungwana wako wapi?"

"Ngoja," ukasema.

Nilingoja kwa ulimi tu. Mvua ikaja ya pili. Siku moja baada ya alasiri ukaniita nije, "Ndoo, Sefu. Ndoo utazame." Nikatazama. Kati ya wale wadogo alikuwamo mmoja mwenye kichwa kama ngumi. Kesho yake wawili. Na wengine wa katikati, si wakubwa si wadogo, ambao kwenye karatasi yangu nilikuwa nimewapa namna zao peke yao. Mama wao mmoja, yule yule, hakuingia mwingine. Ukasema kwa upole wako ule wa kukera, "Waungwana wako wametoka tumbo moja na watwana wako. Uwapatanishe sasa."

Mzungu alipokuja akaitazama chupa muda mrefu, kisha akaitazama karatasi yangu. Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. "Kumi na moja! Wewe kama mwalimu yangu Ulaya! Yeye ona chungu mguu refu, andika jina. Ona chungu mguu fupi, andika jina ingine!" Nikacheka naye, meno tu. Kisha akakitwaa kioo mkononi mwangu, mkononi mwangu mimi, akakutia weye. "Wewe shika. Wewe tazama kwanza, andika nyuma."

Hapo ndipo palipooza, kaka. Watu hapa husema niliogopa ami, wengine husema nilitaka kubaki mwana peke yangu nyumbani. Wananipa heshima kubwa mno. Mimi nilikuchukia kwa ajili ya chungu.

Baba akafa mwaka ule. Weye ulikuwa umekwisha kumpenda Rukia, binti wa Bwana Bakari mshona makubadhi, naye Rukia amekutaka, na Bwana Bakari hakuwa na neno, ila moja: awe kufu. Yeye mwenyewe ananuka ngozi toka kichwani mpaka kisiginoni, lakini binti yake hamwozi mtu asiye na ukoo. "Nionyeshe," akasema, "kama kweli ni mwana wa marehemu." Shajara ilikuwa kwa ami, na jina lako halimo. Ikabidi mashahidi, wanaume wawili waliomsikia baba kwa mdomo wake. Walikuwako wawili, si zaidi. Mzee Athmani na mimi.

Asubuhi ile ami aliniita dukani. "Sefu," akasema, "shajara si mkeka, haiongezwi ukindu." Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nitasema nini. Wallahi nilikuwa sijui bado. Nilitoka pale nikipenda kujiona mtu ambaye neno lake laweza kumpandisha mtu na kumwangusha, na hilo peke yake lilinitosha kifungua kinywa.

Baada ya alasiri tukakaa kwenye daka letu. Sheikh wa mtaa katikati, Bwana Bakari upande huu, ami upande ule, weye umevaa kanzu ya baba iliyokupungukia mikono. Mzee Athmani akashuhudia vizuri, akataja shamba, akataja madafu, mpaka gogo akalitaja. Sheikh akasema, "Huyu mmoja. Wa pili?"

Wote wakanigeukia. Ulinitazama ukitabasamu kidogo, mtu asiye na wasiwasi hata chembe. Ungeogopa, ningesema kweli. Nadhani. Lakini uliniamini kama ulivyoiamini chupa yako, na mimi nikasema, "Sikusikia."

"Sefu!" Mzee Athmani akapiga goti kwa kofi. "Ulikuwapo! Ulikuwa umekaa chini wacheka!"

Ningenyamaza hapo ingetosha kukuua. Lakini wanijua. Nikaona watu wananikodolea, nikaona nafasi ya kusema jambo zuri, nikalisema: "Mzee, chungu wengi hupita mlango wetu. Wote tuwaandike kwenye shajara?"

Wakacheka. Wakacheka, kaka! Ami alicheka, vijana waliosimama ndiani walicheka, Bwana Bakari alijishika mbavu, kisha akainuka, akavaa viatu vyake na ndoa yako akaondoka nayo. Sheikh peke yake hakucheka. Akaniuliza mara ya pili, kama ipasavyo, na mara ya pili nikasema sikusikia.

Weye hukupiga kelele. Ulikuja mpaka mbele yangu, ukanitazama bila haraka, jinsi ulivyokuwa ukimtazama chungu. Ukasema, "Ulikuwa hujui kusema uongo, Sefu. Umejifunza leo, na umejifunza upesi kama desturi yako." Kesho yake ukapanda chombo cha watu wa Ndau waliokuja kuuza papa wakavu. Kioo ukakiacha rafuni, na chupa kando yake.

Sasa sikiza nilichofanya, maana hili hapana alijuaye. Nilichemsha birika la maji nikayamimina yote kwenye chupa yako. Nilitaka isiwepo. Walijikunja wote pamoja, mama yao katikati, na udongo ukatoa harufu ya siki. Nikadhani nitajisikia nafuu. Badala yake nikaingiwa na ule wazimu wangu, nikachukua kioo, nikawamwaga juu ya sinia, nikaanza kuwapanga, mdogo kabisa kushoto, mkubwa kabisa kulia, karibu mia. Nikaweka ukucha wangu kwenye mstari, niseme: hapa mtwana amekwisha, hapa mwungwana ameanza. Nikausogeza. Nikausogeza tena. Palikuwa hapana pa kuuweka. Kila nilipodhani pana ufa, alikuwapo mwingine katikati, anafanana na wa kushoto na anafanana na wa kulia. Ulikuwa umeshinda, na mimi ndiye niliyekukamilishia ushahidi, kwa maiti.

Unadhani nilikoma? Nilikwenda Manda. Nilikwenda Shela kwenye mchanga, nikaenda Pate mpaka Siyu, kutafuta chungu mmoja tu wa madoa atakayeukata mstari ule, nipate kusema angalau kwa chungu nilikuwa na haki nusu. Mchangani wamepauka, karibu rangi ya ngano. Kwenye mikoko weusi, madoa yao huyaoni mpaka uwageuze kwenye jua. Ukimweka wa Shela kando ya wa mikokoni utaapa hawajuani. Lakini ukitembea kutoka huku kwenda kule, hatua kwa hatua, ukiokota kila mahali, rangi yageuka mkononi mwako polepole, wala huwezi kusimama ukasema mpaka ni huu. Nadhani, na hili sikufundishwa na mtu, zamani walivuka mama wachache tu ndani ya magogo na maboriti, wakaangukia huku na huku, na wana wa wana wao wakageuka kwa mahali walipoangukia, kidogo kidogo, hata mtu mvivu akiwaona akasema hawa si wale. Ni wale. Namna kumi na moja zangu zote ni namna moja. Ndau sikuja kuokota. Sababu waijua.

Mzungu alipita tena Lamu njiani akirudi kwao. Nikamwonyesha mstari wa visiwa vyote. Akaona haya kwa kunicheka siku ile, akasema kazi nzuri sana, nitaandika. Kisha akauliza, "Yule wa chupa wapi? Yeye nani yako?" Hapakuwa na ami pale, kaka, wala Bwana Bakari, wala mtu wa kunicheka. Nikasema, "Mtu wa nyumbani tu." Sijui hata kwa nini. Lilitoka kama kikohozi.

Basi miaka ikaenda. Mzee Athmani akafa, na kila aliponipita ndiani alikuwa akitema mate chini, si kunilenga, kando kidogo, kwa adabu. Rukia akaozwa mtu wa Wiyoni, mume akafa kwa homa, akarudi mjane kwa baba yake, hana mtoto. Mwaka huu ami Hamadi naye akafa, na sanduku la shajara likaja kwangu. Nikasikia kutoka kwa wachuuzi wa papa kwamba hujaoa bado. Nikamkimbilia Bwana Bakari, amekaa na makubadhi yake mlangoni mwa duka, nikamwambia, "Bwana, Mbaraka je, bado wamtaka?"

Akanitazama kama mtu anayetazama soli iliyotoboka. "Binti yangu bado amtaka. Hilo kila siku nalisikia. Mimi nataka nilichotaka yana na juzi. Mashahidi wawili."

Nikalichukua sanduku mpaka kwa sheikh. Nikamwaga kila kitu, shamba, dafu, wanangu wawili, chungu, Mzungu, wivu wangu, naongea na jasho lanitoka, nikasema nipe kalamu nimwandike kaka yangu sasa hivi mbele yako. Akanisikiliza mpaka mwisho. Ni mzee sasa, sauti yake ndogo.

"Andika," akasema. "Shajara ni yako na wino ni wako. Lakini nikiulizwa nani alishuhudia, nimtaje nani? Athmani yuko kaburini. Na weye, Sefu, uliniambia mara mbili hukusikia. Leo waniambia ulisikia. Nimwamini Sefu yupi?"

"Huyu, sheikh! Huyu wa leo!"

"Yule wa siku ile naye alisema hivyo hivyo."

Nikaandika hata hivyo. Nimekuandika, kaka, juu yangu, mahali pa mkubwa. Wino mweusi mbichi kwenye karatasi ya manjano. Mtoto mchanga angejua umetiwa jana. Bwana Bakari alipoiona alinirudishia, akageukia soli zake, na hilo ndilo nililolipata kwa elimu yangu yote.

Sasa nakufikisha kwenye neno lililonifanya nikae kuandika. Ijumaa iliyopita Rukia ameozwa. Amechukuliwa na mtu wa Pate, mwenye wake wengine na ndevu nyeupe. Wanawake wanasema alilia, lakini wanawake husema hivyo kila arusi, sina njia ya kujua. Nilikwenda. Nilijiambia naenda ili nikueleze. Tulikaa ukumbini, sheikh akataka mashahidi wawili wa akidi ya ndoa. Mmoja alikuwapo, wa pili alichelewa, walitumwa watu wakamtafute hawakumwona. Sheikh akapitisha mato ukumbi mzima. Mimi nilikuwa safu ya kwanza, goti kwa goti naye. Mato yake yakanifikia, yakanipita kama vile mtu anavyoruka dimbwi la maji, akasema, "Mwiteni mpishi."

Akaja yule mpishi wa pilau, aliyezaliwa jikoni mwa jirani zetu, mama yake alinunuliwa. Akajifuta mikono kwenye shuka. Nikasogea nimpishe. Akakaa mahali pangu, akaulizwa, akasikia, akashuhudia, na neno lake likamfunga mwanamke kwa mwanamume mbele ya Mungu na watu. Hapana aliyecheka.

Msamaha sikuombi, maana utanipa upesi kwa tabia yako, nami sitaki kuupata kwa bei ya chini. Oa huko Ndau. Mtafute mwanamke ambaye baba yake hatauliza kitu, uzae watoto wa kila kimo. Na akitokea mtu wa kwenu akakuuliza una nani Lamu, sema unavyoona ni kweli.

Kaa salama kuliko nilivyokutakia siku ile.

Mdogo wako wa baba mmoja,
Sefu